Miwani ya Kinga kwa Fundi wa Vyuma: Ipi Inunuliwe Kwanza

Ukigeuza diski ya kukatia chuma utakuta maandishi ya 80 m/s, yaani ukingo wake umeruhusiwa kuzunguka kwa kasi ya hadi mita 80 kwa sekunde. Fundi wa mageti na madirisha anayetafuta kinga ya macho aanze na namba hiyo, kisha ndipo aulize bei.

Nafasi ya kwanza naipa miwani ya kuzingira jicho, yenye ukingo laini unaolala usoni na mkanda wa kichwani, kwa sababu haiachi mwanya kwenye nyusi wala pembeni, ambako cheche hupenya. Soma alama kwenye kioo na fremu. Katika kiwango cha Ulaya cha EN 166, herufi B ina maana kwamba miwani ilistahimili gololi ya chuma ya milimita 6 iliyorushwa kwa mita 120 kwa sekunde. Tarakimu 3 kwenye fremu huonyesha kuwa inazuia matone, na kwa hiyo inamfaa pia anayechanganya chokaa au saruji, ambazo huunguza jicho vibaya sana. Kasoro yake ni ukungu: kwa joto la Dar es Salaam kioo hufifia upesi, na fundi huisukuma miwani juu ya paji la uso, mahali isipomkinga chochote. Tafuta herufi N, inayoashiria kioo kinachostahimili ukungu.

Ya pili ni miwani myepesi ya polikaboneti, yaani plastiki ngumu, yenye vikingio vya pembeni. Kwa kawaida hubeba herufi F, yaani mita 45 kwa sekunde, au alama ya Z87+ ya kiwango cha Marekani. Inatosha kwa kutoboa na kugonga nyundo. Kwa grainda, ambayo diski yake huruhusiwa kufika mita 80, naiona ni kinga pungufu, ingawa ni afadhali mara nyingi kuliko macho matupu.

Ngao ya uso naiweka ya tatu, ijapokuwa ndiyo pekee inayoweza kupata herufi A ya mita 190, kwa kuwa chembe hupita chini ya kidevu na kupanda hadi jichoni. Inunuliwe baada ya miwani na ivaliwe juu yake.

Ya mwisho kabisa ni miwani ya jua, ambayo kwa masikitiko ndiyo inayoonekana zaidi kwenye karakana za kuchomelea. Weusi wa kioo peke yake si kinga. Kuchomelea kwa umeme huhitaji kofia yenye kioo maalumu cha kuchomelea cha namba 10 au 11 (namba ya kiwango cha giza) kwa kazi nyingi za kawaida. Kwa gesi, namba 5 hivi. Anayekosa kioo hicho huenda nyumbani akiwa mzima, kisha saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, macho huanza kutoa machozi na kuchoma kana kwamba yamejaa mchanga.

Alama iliyobandikwa kwenye mfuko tu, bila kuchorwa kwenye miwani yenyewe, usiilipie.