Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi: Tathmini kwa Mwenye Shamba

Mkulima wa Gatanga au Kigumo katika Kaunti ya Murang'a, au wa Othaya katika Kaunti ya Nyeri, anayejiunga na Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi hapewi fedha mkononi. Anachopata ni karatasi nzito ya plastiki ya kutandika kidimbwi cha kuvunia maji ya mvua, miche ya miti, vipando vya nyasi za nepia, na mtaalamu wa kumwonyesha namna ya kupima kontua, yaani mistari ya usawa inayokingama mteremko, shambani, naye huchangia ardhi, jembe na nguvu za watu wa nyumbani kwake. Huduma hii imekuwapo kwa muda wa kutosha kuweza kupimwa kama huduma nyingine yoyote, yaani kwa kuangalia inatoa nini, nani anaigharimia, na ni mambo gani imeyaacha bila kuyagusa.

Mfuko ulizinduliwa mwezi Machi mwaka wa 2015 kwa uongozi wa shirika la The Nature Conservancy, ukiwa wa kwanza wa aina yake barani Afrika, kwa kufuata mfano wa jiji la Quito nchini Ekwado, lililoanzisha mfuko wake mwaka wa 2000. Miongoni mwa waliojiunga tangu mapema walikuwamo Kampuni ya Majisafi na Majitaka ya Nairobi, kampuni ya umeme ya KenGen, mamlaka ya serikali inayosimamia rasilimali za maji, pamoja na watengenezaji vinywaji kama Coca-Cola na East African Breweries. Baadaye ulisajiliwa kuwa amana ya Kenya inayojisimamia. Sababu ya makampuni hayo kukaa meza moja na mkulima wa ekari moja ni rahisi kueleza: takriban asilimia 95 ya maji ya Nairobi hutoka katika bonde la Tana, na sehemu kubwa zaidi hupitia bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka wa 1994 na lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Mto huohuo ndio unaojaza Masinga, bwawa la mwaka wa 1981, na kuendesha mitambo ya umeme ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere iliyo chini yake. Mvua kubwa ikinyesha juu ya mteremko uliolimwa bila kinga, udongo mwekundu wa Murang'a huteremka mtoni, ukapunguza nafasi ya maji mabwawani, na kulazimisha mtambo wa kusafisha maji wa Ng'ethu kutumia dawa nyingi zaidi ili tope litue.

Hesabu iliyotolewa wakati wa uzinduzi ilikadiria kwamba dola za Marekani milioni 10 zikitumika kuhifadhi mashamba na misitu ya bonde hilo, faida itakayopatikana katika miaka 30 itafikia dola milioni 21.5. Makadirio hayo hayapaswi kusomwa kama mapato yaliyokwisha kuingia mfukoni, lakini mgawanyo wake unastahili kuangaliwa kwa makini. Kampuni ya maji ilitarajiwa kuokoa takriban dola 250,000 kwa mwaka katika gharama za kusafisha maji na kuondoa tope. KenGen ilitarajiwa kuongeza zaidi ya dola 600,000 kwa mwaka. Na mavuno ya wakulima yalikadiriwa kuweza kuongezeka kwa thamani ya hadi dola milioni 3 kila mwaka. Kwa hiyo, hata kwa hesabu ya waanzilishi wenyewe, anayefaidika zaidi ni mwenye shamba. Anayedai kwamba Mfuko ni hila ya jiji kumtumikisha mkulima wa milimani hana budi kwanza kuzijibu takwimu hizo. Anayedai kwamba ni sadaka naye azijibu, kwa maana hakuna kampuni ya umeme inayotoa sadaka ya nyasi.

Kidimbwi ndicho kiini cha huduma yote, na ndicho kinachowavuta watu. Mkulima huchimba shimo mwenyewe, mahali ambapo maji ya barabara, ya paa au ya mteremko hukusanyika, kisha hutandika ile karatasi ya plastiki, kwa sababu bila hiyo udongo wa eneo hili hunywa maji yote katika muda mfupi. Kidimbwi cha kawaida huhifadhi makumi ya maelfu ya lita. Mvua za masika zikiisha mwezi Mei, au za vuli mwezi Desemba, aliye na akiba hiyo huendelea kumwagilia sukuma wiki, kabeji na miche ya parachichi katika miezi ambayo mboga hupanda bei sokoni, na hapo ndipo faida ya kwanza huonekana. Kwa upande wa jiji, kila mkulima anayemwagilia kutoka kidimbwini ni mkulima ambaye hakuteremsha pampu mtoni wakati mto umepungua kabisa. Ni nadra kuona mpango wa hifadhi ambamo jambo analolitaka mkulima na jambo linalohitajika mtoni ni jambo lilelile, na kwa maoni yangu hapo ndipo ubunifu wa Mfuko ulipo, wala si katika majina makubwa ya wabia wake.

Hata hivyo kidimbwi kina madai yake. Karatasi ya plastiki hutobolewa na panya, na mizizi, na kwato za ng'ombe aliyefuata maji, na ile sehemu ya ukingoni inayokaa juani bila kufunikwa na udongo ndiyo huanza kuchakaa. Maji yanayoingia moja kwa moja kutoka barabarani huja na tope, kwa hiyo ni lazima kichimbwe kwanza kishimo kidogo cha kulinasa kabla maji hayajafika kidimbwini, ama sivyo mkulima atakuwa na kazi ya kuzoa matope kila msimu. Maji yaliyosimama huzalisha mbu, na wapo wanaofuga samaki aina ya ngege humo ili waliwe viluwiluwi wa mbu, jambo linalowapa pia kitoweo. Juu ya yote, ukuta wa plastiki huteleza, na mtoto au mzee aliyetumbukia hana pa kushika. Kidimbwi kisicho na ua hakifai kuchimbwa karibu na nyumba hata kama karatasi yake ni ya bure. Ruzuku inayoishia kwenye karatasi na kuuacha ua kwa mkulima ni ruzuku iliyokatwa mapema mno, na ningependa kuona uzio ukihesabiwa kuwa sehemu ya kidimbwi popote mpango wa aina hii unapoanzishwa.

Nyasi na matuta hayana mvuto wa kidimbwi, ingawa ndiyo yanayoushika udongo. Matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, hula sehemu ya shamba, na kwa mtu mwenye robo ekari hasara hiyo si ndogo. Kinachomshawishi ni kwamba nepia iliyopandwa juu ya tuta humlisha ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo mstari uliotolewa katika mahindi hurudi kwa njia ya maziwa. Mkulima anayepewa vipando aulize ni vya aina gani, kwa kuwa ugonjwa wa fugwe la nepia, unaosababishwa na kuvu, umesumbua kwa miaka mingi mashamba ya Kenya ya kati, na zipo aina zinazoustahimili, kama ile inayoitwa Kakamega 1. Kupanda kipando kilicho na ugonjwa ni kuusambaza kontua kwa kontua hadi kwa jirani.

Katika Murang'a, tena, matuta yana historia ambayo mpango wowote wa hifadhi ukiipuuza utakwama. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa wilaya hiyo, ambayo wakati huo iliitwa Fort Hall, kuchimba matuta kwa kazi ya shokoa, na mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake. Mwaka wa 1947 mkutano mkubwa wa hadhara uliamua kwamba wanawake wasiendelee na kazi hiyo, na kampeni yote ikavurugika. Udongo uliokuwa ukimomonyoka ni huuhuu, na ufundi wa kuuzuia haukuwa umekosewa sana. Kilichokosewa ni kudhani kwamba anayechimba hahitaji kupata kitu. Makumi ya maelfu ya wakulima waliojiunga na Mfuko bila kusukumwa na askari wa chifu ni ushahidi wa kutosha kwamba somo hilo, kwa njia moja au nyingine, limefika.

Je, isingekuwa afadhali mkulima alipwe fedha taslimu? Njia hiyo ilijaribiwa Tanzania. Katika milima ya Uluguru, ambako maji ya mto Ruvu huanzia safari ya kwenda Dar es Salaam, mashirika ya CARE na WWF yalianzisha mpango uliowalipa wakulima kwa kutumia njia za kilimo zinazohifadhi udongo, na wanunuzi wa huduma hiyo walikuwa kampuni ya maji ya DAWASCO na Coca-Cola Kwanza. Huko Naivasha, mashirika hayohayo yalitumia njia ya kati: watumiaji wa maji walio kando ya ziwa, yakiwamo mashamba ya maua, walichangia, na wakulima wa milimani walipewa hati za kununulia pembejeo za kilimo. Fedha humheshimu mkulima, kwa sababu humwachia aamue mwenyewe. Lakini malipo ya kila mwaka hudumu kadiri mlipaji anavyodumu, na mlipaji akiondoka hubaki swali la kwa nini mkulima aendelee, ilhali kidimbwi hubaki shambani na kuendelea kumlipa aliyekichimba. Kwa sababu hiyo naiona njia ya Murang'a kuwa bora kwa mkulima mdogo, mradi vifaa anavyopewa viwe vizima na mtaalamu arudi kuvikagua.

Tunafika sasa mahali ambapo huduma hii ni dhaifu. Mfuko unahifadhi udongo wa shamba, lakini hauhifadhi shamba lenyewe. Ukishuka kutoka Gatanga kuelekea Thika na Ruiru unaona jinsi ardhi ya kahawa inavyogeuka viwanja vya nyumba. Tatu City, mji mpya wa ekari 5,000 katika Kaunti ya Kiambu, umejengwa juu ya ardhi iliyokuwa mashamba ya kahawa. Juu milimani mabadiliko huja kimyakimya zaidi, kwa baba kugawia wana wanne ekari mbili, na kila mmoja kuanza na kujenga nyumba. Tuta lililochimbwa kwa ruzuku halina nguvu mbele ya mnunuzi wa kiwanja. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka wa 1999 ina nafasi ya kuiwekea ardhi masharti ya kudumu ya hifadhi, yanayomfunga hata mwenye ardhi wa baadaye, na nchini Marekani chombo cha namna hiyo, kikiambatana na fidia kwa mkulima, ndicho kilichookoa mashamba mengi yaliyo kando ya miji. Mfuko haukujengwa juu ya msingi huo. Naelewa ugumu wake, kwa kuwa katika eneo ambalo kumbukumbu ya kunyang'anywa ardhi bado ni mbichi, kumwomba mtu atie sahihi ya masharti juu ya hati ya shamba lake ni kumwita mwanasheria na wazee wa ukoo kwa pamoja. Lakini bila fidia ya namna fulani kwa anayekubali kuacha shamba libaki shamba, kazi hii nzuri inafanyika juu ya ardhi inayopungua mwaka hadi mwaka.

Udhaifu wa pili unamhusu asiye na ardhi yake. Anayekodi shamba kwa msimu hawezi kuchimba kidimbwi, na mwanamke anayelima ardhi iliyoandikwa jina la mkwewe huenda akachimba kidimbwi ambacho hana uhakika wa kukitumia kesho. Kwa watu hao, nyasi na mafunzo ndiyo yanayobaki, na ni machache.

Jambo la tatu ni nani atakayelipa siku za usoni. Sehemu kubwa ya fedha za miaka ya mwanzo ilitoka kwa wafadhili, ikiwamo ruzuku ya Mfuko wa Mazingira Duniani iliyopitia IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo. Wafadhili huhama. Anayefungua mfereji jijini hahami, na mwaka wa 2017, Ndakaini ilipopungua na mgao wa maji kuanza, kila mtaa ulijifunza maji yanatoka wapi. Murang'a kwa upande wake ina manung'uniko ya siku nyingi kwamba mito yake inakata kiu ya jiji wakati baadhi ya vijiji vyake havina mabomba, na handaki la kilomita 11.8 la kuyapeleka maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati hadi Ndakaini liliyaongeza manung'uniko hayo. Kiasi kidogo kinachokatwa waziwazi katika kila bili ya maji ya Nairobi na kupelekwa moja kwa moja kwenye mashamba ya juu kingekuwa msingi imara kuliko michango ya hiari ya makampuni, na kingempa mkulima haki ya kudai huduma badala ya kuisubiri.

Kwa mwenye shamba la mteremko ndani ya maeneo ya Thika na Chania, Maragua, au Sagana na Gura, ushauri wangu ni kwamba ajiunge. Aanzie kwa chama cha watumiaji wa maji cha mto wake au kwa afisa wa kilimo wa wadi, na kabla ya kuchimba aulize mambo matatu: karatasi ikitoboka itazibwa na nani, vipando vya nepia vimetoka wapi, na kama mikaratusi, miti inayonywa maji mengi, iliyo kando ya mto itang'olewa kwa gharama ya nani. Hilo la mwisho si dogo. Kanuni za maji za mwaka wa 2007 zilitenga kati ya mita 6 na 30 kando ya mto, na mwaka wa 2009 waziri wa mazingira John Michuki, mwenyewe mzaliwa wa Murang'a, aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji. Lakini mti huo ndio mbao, kuni na karo ya shule, na mkulima hataukata mpaka aone miti au mianzi ya kuchukua nafasi yake ikiwa imeshika mizizi.