Santuri ya Voyager Nyumbani: Uchambuzi wa Toleo la 2017

Watazamaji wangu wapenzi, karibuni. Sanduku lililo mbele yangu lina santuri tatu za rangi ya dhahabu, zinazopitisha mwanga ukiziinua dirishani, pamoja na kitabu cha picha na maelezo. Ni toleo la Ozma Records la mwaka 2017, linaloturudishia ile santuri ambayo NASA, shirika la anga la Marekani, iliifunga kwenye vyombo viwili vya Voyager na kuvirusha angani mwezi Agosti na Septemba 1977, kama ujumbe kwa viumbe wowote wa mbali watakaoikuta. Wengi hulinunua kwa mapenzi ya sayari na nyota. Mimi nililinunua kwa ajili ya dakika tatu za Louis Armstrong, mpiga tarumbeta wa jazi, na kwa dakika hizo nitalipima.

Tuanze na kasi, maana hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya sanduku hili na santuri iliyoko angani. Ile ya asili ni ya shaba iliyopakwa dhahabu, nayo imekusudiwa kuzunguka mara 16⅔ kwa dakika, yaani nusu ya kasi ya santuri tulizozizoea. Kamati ya mwanaastronomia Carl Sagan, iliyochagua yaliyomo, ilihitaji kuingiza takriban dakika 90 za muziki, salamu za lugha 55 na picha zaidi ya 100 katika sahani moja, na mwendo wa polepole uliipatia nafasi hiyo. Lakini mfereji unapopita polepole chini ya sindano, mawimbi ya sauti za juu hubanana mno, hata sindano ikashindwa kuyafuata vizuri. Toleo hili limeugawa muziki katika sahani tatu za kasi ya 33⅓, na mashine yoyote ya kawaida huzicheza. Jambo lililonifurahisha ni kwamba kwenye jalada la ile ya asili muda wa mzunguko mmoja, sekunde 3.6, umechorwa kwa tarakimu za mfumo wa namba mbili, na kipimo chake kimetokana na atomu ya haidrojeni, kwa kuwa msikilizaji wa huko hana saa yetu.

Sasa nimwekee sindano Armstrong. "Melancholy Blues" ilirekodiwa Chicago mwezi Mei 1927 na kundi lake la Hot Seven, wakati kurekodi kwa umeme, yaani kwa maikrofoni, kulikuwa na umri wa miaka miwili tu. Kabla ya maikrofoni, wapigaji walijipanga mbele ya pembe kubwa, na ngoma ziliogopwa kwa sababu mshindo wake ungeweza kuirusha sindano iliyokuwa ikichonga nta. Hot Seven wana ngoma na tuba pia. Katika spika zangu tuba hiyo haina uzito wa besi ya leo, lakini kila pigo linasikika mahali pake, klarineti ya Johnny Dodds inazunguka kando, na tarumbeta imesimama mbele bila kupiga kelele. Mkwaruzo unaousikia chini yake ni wa 1927. Watayarishaji walitumia kanda za asili za mwaka 1977, chini ya usimamizi wa Timothy Ferris aliyeitayarisha santuri ya kwanza, na nawashukuru kwa kutousugua mkwaruzo huo hadi tarumbeta ikapoteza makali yake.

Upande mwingine kuna wasichana wa Wambuti wa msitu wa Ituri nchini Kongo, eneo ambalo Kiswahili husikika sokoni kila siku. Sauti zao zinapokezana kwa ustadi ambao mpenzi yeyote wa jazi atautambua mara moja. Kati ya salamu, Kiganda kimo na Kinyanja kimo, ila Kiswahili hakimo. Kila nikifika hapo najikuta naitamka salamu yetu mwenyewe sebuleni.

Lawama yangu ni ndogo: kwenye sahani zinazopitisha mwanga, nafasi kati ya wimbo na wimbo haionekani kwa urahisi, hivyo utahitaji taa nzuri kabla ya kushusha sindano. Anayemtaka Armstrong peke yake atafute mkusanyiko wa Hot Seven, utamgharimu kidogo zaidi ya chai na maandazi akiupata kwenye duka la mitumba. Anayetaka kumsikia Armstrong akikaa jirani na mtunzi Bach na Wambuti, kwa mpangilio uleule unaosafiri kuelekea nje ya mfumo wa jua, anunue sanduku hili.