Uzoefu wangu: riwaya ya marafiki wawili waliopendana bila kuambiana

Saa nne usiku, ukumbi wa mazoezi ya mpira wa kikapu umebaki na taa za upande mmoja tu. Msichana amesimama kwenye mstari wa mitupo huru. Kijana yuko chini ya ringi, anaokota mpira na kumrudishia. Hawaongei. Kinachosikika ni hesabu: thelathini na saba, thelathini na nane. Msichana akikosa, kijana hasemi kitu, anarudisha mpira na namba inabaki pale pale. Wakifika hamsini wanazima taa, kila mtu anakwenda chumbani kwake. Ukurasa mzima hauna neno hata moja la mapenzi, na nilipoumaliza niliweka kitabu kifuani nikatulia kwa muda. Nilishajua kwamba wale wawili wanapendana, na wao wenyewe bado.

Nimesoma riwaya nyingi za mapenzi ya wanamichezo wa vyuo vikuu vya Marekani. Nyingi zinamhusu kijana nyota wa hoki ya barafu au wa futiboli ya Kimarekani, mwenye kiburi kidogo, na binti hodari wa masomo anayemfundisha ili alama zake zisimzuie kucheza. Nazipenda, sioni haya kusema. Lakini ukishasoma kadhaa unaanza kuijua kila kona kabla hujaifikia. Hii imenishika kwa namna nyingine kabisa. Jina lake nimeliacha makusudi, kwa kuwa siwezi kueleza inachofanya vizuri bila kugusa mwisho wake, na sitaki mtu akutane nayo akiwa ameshaharibiwa utamu.

Humu nyota ni msichana. Anacheza mpira wa kikapu, ndiye anayeongoza mashambulizi ya timu ya wanawake ya chuo chao. Kijana si nyota wa chochote. Ni mwanafunzi wa uhandisi aliyecheza sekondari, akafika chuoni akagundua kwamba timu ya wanaume haimhitaji. Basi akawa mmoja wa wavulana wanaofanya mazoezi na timu ya wanawake.

Hili si jambo la kubuni. Timu nyingi za wanawake za vyuo vya Marekani hualika wanafunzi wa kiume waje kucheza nao mazoezini, ili wachezaji wazoee kukabana na watu warefu na wenye nguvu zaidi yao. Sheria za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko, zinataka wavulana hao wawe wanafunzi halali wa masomo kamili, na chuo hakiruhusiwi kuwalipia ada wala malazi kwa kazi hiyo. Siku ya mechi hawachezi. Wanatoka jasho siku za mazoezi, kisha wanakaa jukwaani kama watazamaji wengine.

Mwandishi ameliona jambo hili na kulitumia ipasavyo. Kazi ya kijana mazoezini ni kuigiza mpinzani ajaye. Wiki hii yeye ni mlinzi anayependa kupita kushoto, wiki ijayo ni mshambuliaji anayerusha kwa mbali, wiki nyingine ni mtu wa fujo anayesukuma kwa kiwiko. Kwa miaka miwili amekuwa adui wa kila namna wa msichana huyu, na kwa njia hiyo amemjua kuliko mtu yeyote pale chuoni. Anajua anapotaka kugeuka kabla hajageuka. Anajua kwa kupumua tu kama amelala vizuri au hakulala. Anayajua yote hayo na akiulizwa ni nani kwake, anajibu kwamba ni rafiki.

Kuna jambo dogo lililonifurahisha kupita kiasi. Mpira wa kikapu wa wanawake ni mdogo kidogo kuliko wa wanaume: mzunguko wake ni inchi 28.5, wa wanaume ni inchi 29.5. Sura ya tano kijana anakwenda kucheza na wenzake mwisho wa wiki, anarusha mipira mitatu, yote inapiga ukingo wa ringi na kutoka. Wenzake wanashangaa, maana huyu alikuwa na shabaha. Mikono yake imeshazoea mpira wa msichana. Hajibu kitu, anainama kufunga kamba za kiatu. Nimesoma kurasa nyingi za watu kutangaziana mapenzi kwa maneno matamu, na sijui ni ngapi zenye uzito wa ile inchi moja.

Halafu linakuja goti. Mechi ya tatu ya msimu wa mwaka wao wa tatu, msichana anabadili mwelekeo ghafla, hakuguswa na mtu, anaanguka. Majeraha ya ACL, ile kano ya ndani ya goti inayounganisha mifupa, mara nyingi hutokea hivyo hivyo bila mtu kugongwa, na wanawake huyapata kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume katika mchezo huu. Kijana yuko jukwaani. Anasimama kabla watu wengine hawajaelewa kilichotokea, kwa sababu amekabana na ule mgeuko wake mara nyingi mno, hawezi kukosa kujua kwamba safari hii umekatika katikati. Hana ruhusa ya kushuka uwanjani. Anabaki amesimama peke yake katikati ya watu waliokaa.

Sehemu ya kupona ndiyo moyo wa kitabu, na hapo ndipo nilipokipenda hasa. Safari ya kurudi uwanjani baada ya upasuaji wa namna hii huchukua kama miezi tisa au zaidi, na mwandishi hakuiruka. Anatuonyesha taulo lililofungwa kwenye kisigino, msichana amekaa sakafuni akilivuta ili goti likunje, uso umemkunjamana. Kijana ameshika kipimo cha nyuzi za mkunjo wa goti. Walikuwa wakihesabu mitupo, sasa wanahesabu nyuzi: tisini, tisini na tano, mia na tano. Siku moja goti linagoma kwenye namba ya jana, msichana anarusha taulo ukutani na kumfukuza. Kijana anatoka, anakaa nje ya mlango, na baada ya dakika ishirini anasikia sauti ya taulo ikivutwa tena. Haingii. Anasikiliza mpaka imekwisha, ndipo anaondoka. Msichana hakujua mpaka sura ya mwisho, na sisi tulikuwa tunajua muda wote. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, ndivyo tulivyolelewa kuamini, na kitabu hiki kinauliza swali ambalo methali hiyo haikuligusa: huyo anayekufaa kwa dhiki, utamwambiaje kwamba rafiki hakutoshi tena?

Maana tumezoea kusema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawa wawili wameyaficha vizuri sana, kila mmoja kwa sababu yake, na sababu zote mbili zina akili. Kocha wao hataki mvulana wa mazoezi awe na uhusiano na mchezaji. Ikijulikana, kijana anaondoka ukumbini, na ukumbi ndio mahali pekee wanapokutana kila siku. Msichana naye anaogopa kitu kikubwa zaidi. Mpenzi ukimpoteza unamlilia rafiki yako. Rafiki huyo huyo akiwa ndiye mpenzi uliyempoteza, utamlilia nani? Mimi nimewahi kuwa na rafiki wa namna hiyo na nikanyamaza mpaka akahama, kwa hiyo sikusoma sura hizo kwa utulivu.

Lipo pia suala la muda, nalo limesukwa kwa ustadi kutoka kwenye kanuni halisi. Mchezaji wa chuo aliyeumia mapema, kabla ya nusu ya msimu na akiwa amecheza si zaidi ya asilimia 30 ya mechi, anaweza kuombewa arudishiwe msimu wake. Msichana amecheza mechi tatu tu. Anarudishiwa. Ofisini kwa kocha watu wanapongezana, na yeye anatabasamu, kisha akiwa kwenye ngazi anapiga hesabu: kijana atahitimu mwaka kabla yake. Walikuwa wamepanga kumaliza pamoja. Zawadi ile ile inayomrudishia mchezo inamwondolea mtu anayemrushia mpira.

Juu ya hilo, kuna chuo kikubwa cha jimbo la mbali kinachomtaka. Tangu 2018 wachezaji wana mfumo maalumu wa kujiandikisha wanapotaka kuhama chuo, na tangu 2021 hawalazimiki tena kukaa mwaka mzima bila kucheza wanapohama mara ya kwanza. Mwaka huo huo, Julai, ndipo waliporuhusiwa kupata fedha kutokana na majina na sura zao. Kwa hiyo mwaliko ule si wa ukumbi mzuri tu, una mikataba ya matangazo inayoweza kumsaidia mama yake. Msichana anamuuliza kijana anaonaje. Anamuuliza mara mbili, kwa njia mbili tofauti, akitamani aambiwe baki. Kijana anausifu ukumbi wao. Nilikasirika kweli, nikafunga kitabu, nikakifungua tena baada ya kama dakika tano.

Sasa kasoro, kwa sababu zipo. Karibu na theluthi ya mwisho mwandishi anawagombanisha kwa ujumbe wa simu uliosomwa nusu. Wanafunzi wawili wanaojuana kwa kupumua hawawezi kutengana wiki tatu kwa ujumbe mmoja. Hofu zao za kweli zilikuwa zinatosha kuwatenganisha, hapakuwa na haja ya hila hiyo. Nilizipita sura zile haraka, na nadhani na wewe utazipita haraka.

Halafu kuna kosa lililoniuma kama mpenzi wa kikapu: katika mechi moja anazungumzia nusu ya kwanza ya dakika 20. Hiyo ni ya wanaume. Wanawake wa vyuo wanacheza robo nne za dakika 10 tangu msimu wa 2015-16. Kitabu kilichojua hadi tofauti ya ukubwa wa mpira hakikupaswa kukosea hapo. Na wale wasichana wanaoishi na msichana wetu nyumba moja wamewekwa wazi wazi ili kila mmoja apate kitabu chake baadaye. Mmoja tu, mlinzi mrefu asiyependa kuzungumza asubuhi, ndiye aliyenigusa kama mtu kamili.

Kwa anayetaka kujua kabla ya kununua au kumpa kijana mdogo: kuna sura mbili za faragha zilizoandikwa waziwazi, zote katika nusu ya pili. Zimeandikwa kwa heshima, watu wanaulizana na kujibiana, lakini ni za watu wazima. Nimesikiliza pia toleo la sauti kwa sehemu, lenye wasomaji wawili. Msomaji wa sauti ya kijana anakwenda kasi mno kwenye hesabu za usiku, na zile hesabu ndizo zinazohitaji kimya katikati yake. Nikarudi kwenye karatasi.

Mwisho wa msimu ndio ulionifanya niandike haya yote. Timu inaingia kwenye mashindano ya kitaifa ya Machi, na nilijiandaa kwa ubingwa, maana riwaya hizi hupenda kombe. Hawapati kombe. Mechi ya kwanza, wako nyuma kwa pointi mbili, zimebaki sekunde chache kabisa, msichana anapewa mitupo miwili. Huyu aliyerusha hamsini kila usiku. Anakosa wa kwanza. Anapata wa pili. Wanafungwa kwa pointi moja na msimu umekwisha.

Usiku waliporudi chuoni anakwenda ukumbini, na kijana yuko huko, hakuitwa. Anasimama chini ya ringi kama kawaida. Msichana anashika mpira, na kabla ya kurusha anasema lile neno, kwa sauti ile ile ya kawaida, kisha anarusha. Mpira unaingia, unadunda hadi ukutani. Kijana hajauokota. Hajahesabu. Amesahau namba ya kwanza.

Na bado msichana anahama. Wasomaji wengine watanuna hapo, watasema mapenzi ya kweli hubaki. Mimi nilishukuru. Amepata kilichomfaa yeye na mama yake, wameahidiana, na sura ya kufungia inamwonyesha kijana katika mji mgeni akitafuta kazi, kwenye begi kuna mpira wa inchi 28.5. Sura hiyo ni fupi mno, kurasa sita tu, ningeomba angalau ishirini. Nimekipa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyopungua ni ya ujumbe wa simu.

Nakala yangu sasa anayo mdogo wangu wa kike. Jana alikuwa amefika kwenye taulo na kisigino, akaniomba sana nisimwambie kama goti litakunja.