Miezi kumi na jeli ya adapalini: uso ulichafuka kwanza, ndipo ukatulia

Nimetimiza miezi kumi tangu nianze kupaka usoni adapalini, dawa ya chunusi, jeli ya asilimia 0.1. Kama ningeandika haya wiki ya sita, ningewaambia mkae nayo mbali. Ndiyo maana nilisubiri.

Chunusi zangu hazikuwa zile kubwa zinazouma na kuacha mashimo. Paji la uso lilijaa vipele vidogo visivyo na usaha, ambavyo huvioni mpaka usimame ubavuni mwa dirisha. Puani nilikuwa na vidude vyeusi. Kidevuni, kila mwezi siku chache kabla ya hedhi, zilitoka tatu au nne za usaha. Daktari wa ngozi alisema ni chunusi za kiasi, lakini mimi sikuziona za kiasi, kwa sababu ya madoa. Ngozi yangu ni nyeusi, na kila chunusi iliyopona iliniachia doa jeusi lililokaa miezi mitatu, minne, wakati mwingine zaidi. Hata siku ambayo sikuwa na chunusi mbichi hata moja, mtu aliyenitazama aliona uso wenye chunusi.

Nilikuwa nimeshajaribu mengi. Sabuni za kukausha mafuta zilinikausha kweli, na chunusi zikabaki palepale. Rafiki alinipa krimu iliyosafisha uso ndani ya wiki moja, nikafurahi mno. Nilipoiacha, uso ulilipuka vibaya kuliko mwanzo. Nilipompelekea daktari kiboksi chake, alisoma maandishi ya ubavuni akaniambia ina steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe ambayo ukiiacha chunusi huweza kurudi kwa nguvu. Kama una krimu inayong'arisha uso haraka hivyo, tafadhali soma kiboksi chake leo.

Ndipo akaniandikia adapalini. Ni ya jamii ya retinoidi, dawa zenye undugu na vitamini A. Mkongwe wa jamii hiyo ni tretinoini, ambayo Marekani iliidhinishwa kwa chunusi mwaka 1971. Adapalini ilifuata huko mwaka 1996, na mwaka 2016 ile ya asilimia 0.1 ikaruhusiwa kuuzwa bila cheti cha daktari. Nchi nyingine bado zinataka cheti, kwa hiyo uliza kwanza. Daktari alinichagulia hii kwa kuwa kwa kawaida haiwashi ngozi kama tretinoini.

Kuna jambo moja alilonieleza ambalo lilinibadilisha namna ya kuzifikiria chunusi. Nilimwonyesha mbili zilizoiva shavuni nikamuuliza, "Daktari, nipake hapa tu au na pembeni yake?" Akasema, "Hizo umeshazichelewa. Paka pale ambapo huoni kitu." Kila kitundu cha ngozi kina tezi ya mafuta. Seli zilizokufa ndani ya kitundu zikigandamana na mafuta hayo, hutengeneza kizibo kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Nyuma ya kizibo mafuta hujaa, bakteria huongezeka, ngozi huvimba, na wiki kadhaa baadaye ndipo wewe unaamka na chunusi. Retinoidi huzizuia seli zisigandamane. Kwa maneno mengine, unachopaka usiku wa leo kinashughulikia chunusi ambayo ingetoka wiki zijazo. Ukiipaka juu ya chunusi moja moja kama dawa ya kidonda, unaipoteza bure, na wengi niliowasikia wakisema haifanyi kazi ndivyo walivyokuwa wakiitumia.

Kipimo ni kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima. Unanawa kwa sabuni laini, unasubiri ngozi ikauke kabisa (mimi husubiri dakika ishirini), unagawa ile punje kwa vidoa vidogo kwenye paji, mashavu na kidevu, kisha unasambaza mpaka isionekane. Macho, midomo na pembe za pua unaziruka.

Usiku wa kwanza niliitazama punje hiyo kidoleni nikaona haiwezi kutosha uso wa mtu mzima. Wiki mbili nilivumilia. Wiki ya tatu, nikiona hakuna kilichobadilika, nikaongeza mara mbili, na nikawa napaka kila usiku badala ya usiku mmoja kupaka na mmoja kupumzika nilivyoagizwa. Siku ya nne maji ya kawaida ya kunawa yalinichoma. Pembeni mwa pua ngozi ilibanduka magamba membamba meupe, na kwenye pembe ya mdomo ilipasuka kijistari chekundu kilichofunguka kila nilipopiga mwayo. Mdogo wangu aliingia nikiwa mbele ya kioo akashtuka: "Dada, hiyo inakuunguza, iache!"

Niliiacha siku tano. Kijistari kilipona, lakini mahali pake pakabaki doa jeusi lililokaa zaidi ya miezi miwili. Doa hilo halikuletwa na chunusi, nililileta mimi kwa kuzidisha dawa. Nalisema kwa herufi nzito, kwa wenzangu wenye ngozi nyeusi hasa: ngozi yetu ikiwashwa au ikiungua huandika doa, na dawa uliyoinunua ili kuondoa madoa inaweza kukuongezea. Kwenda polepole kwetu ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Nilianza upya kwa usiku mmoja katika kila tatu. Nilipaka losheni ya kulainisha ngozi kwanza, nikaiacha ikauke, nikapaka adapalini, kisha losheni tena juu yake. Pembe za pua na za mdomo nilizipaka mafuta ya mgando kabla ya yote, ili dawa ikiteleza isipenye. Kuwasha kulikwisha karibu kabisa. Baada ya wiki tatu nikasogea usiku mmoja kupaka na mmoja kupumzika, na mwezi wa tatu nikafika kila usiku. Nasikitika sikuanza hivyo.

Sasa ile wiki ya sita. Vile vipele vya paji la uso vilianza kuiva kwa pamoja. Nilihesabu kumi na moja vyenye vichwa vyeupe asubuhi moja, mahali ambapo miaka yote havikuwahi kuzidi viwili. Daktari alikuwa amenionya kwamba wengine hupitia kipindi hiki, vizibo vilivyokuwa chini vinasukumwa juu kwa haraka, na kwamba hupungua baada ya wiki kadhaa. Kulijua hilo hakukunizuia kulia. Kilichonisaidia ni sheria moja niliyojiwekea: sitatumbua hata moja. Niliondoa kioo kidogo cha kukuzia kilichokuwa bafuni nikakifungia kabatini. Wiki ya tisa hakikutoka kipya chochote kwenye paji. Wiki ya kumi na mbili nilipitisha kiganja pale nikahisi ngozi laini, na nikarudia tena na tena kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Kwa hiyo hesabu wiki kumi na mbili kabla ya kutoa hukumu. Ila subira hiyo ni ya kusubiri matokeo. Uso ukivimba au ukiungua kwa maumivu, acha dawa na umwone daktari.

Jua. Retinoidi huweza kuifanya ngozi iungue kirahisi zaidi, na jua lenyewe hukoleza madoa, kwa hiyo kila asubuhi napaka losheni ya kujikinga na jua yenye SPF (kipimo cha kinga) 30. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya madini ya zinki, ikaniacha na weupe kama niliyepakwa jivu. Nilibadilisha nikapata isiyoacha rangi. Usikate tamaa na ya kwanza. Nadhani nusu ya kufifia kwa madoa yangu ni kazi ya losheni hii.

Kuna isiyoyaweza. Mashimo mawili ya zamani shavuni yako vilevile. Chunusi za kidevuni kabla ya hedhi zimepungua lakini hazijaisha. Bado hutoka moja, ndogo, inayonywea baada ya siku mbili. Kwa ajili hiyo mwezi wa tano daktari aliniongezea benzoili peroksaidi, dawa inayoua bakteria wa chunusi, ya asilimia 2.5, napaka kidevuni asubuhi. Adapalini inapatana nayo vizuri, tofauti na tretinoini ya kawaida ambayo huweza kuharibiwa nayo. Tahadhari ya nguo tu: taulo langu la kijani sasa lina mabaka ya rangi ya chungwa, na foronya moja hivyohivyo. Tumia nyeupe.

Na jambo ambalo sitalipitia haraka: usiipake ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto. Rafiki yangu, aliyeona mabadiliko yangu, aliniomba nimgawie kidogo kwenye kichupa. Yeye na mumewe wanatafuta mimba. Nilimnyima, akanuna, nikamsindikiza kwa daktari, naye akaandikiwa asidi ya azelaiki, ambayo wajawazito huruhusiwa kuitumia. Uso wake unaendelea vizuri.

Tyubu ya gramu 30 hunimalizia takriban miezi mitatu. Mwezi wa nane nilisafiri wiki nne nikaisahau nyumbani, na kwa kuwa uso ulikuwa safi nikajiambia labda nimepona. Niliporudi, nilisimama ubavuni mwa dirisha lilelile nikaviona: vipele vitano au sita, vidogo, bila usaha, vimejipanga kwenye mstari wa nywele. Daktari alisema ndivyo ilivyo, vizibo hujitengeneza upya ukiacha, na wengi huendelea kupaka muda mrefu baada ya uso kutakata. Usiku huo nilinawa, nikasubiri dakika ishirini, nikatoa punje moja.