Uzoefu wangu: siku nzima ndani ya msitu wa Rondo, Lindi

Ukiwa Lindi na una siku moja ya mapumziko, kila utakayemuuliza atakuelekeza ufukweni, na hatakuwa amekosea. Mimi nakwambia panda Rondo. Nenda na mwenyeji anayeujua msitu, kubaliana naye mapema kwamba hamtoki mpaka giza liingie, na siku hiyo usiwe na haraka ya kitu kingine chochote.

Huduma ninayoizungumzia ni hii: mwongozaji wa kijijini anakupokea asubuhi, anakutembeza ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Rondo, mchana mnakula chakula kilichopikwa nyumbani kwao, jioni anakurudisha kwenye gari. Nimelipia mwenyewe, sikualikwa na mtu.

Kwa wasiopajua, Rondo ni uwanda wa juu ulio magharibi ya mji wa Lindi, na mahali pa juu kabisa panakaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari. Tulikuwa wanne, mimi, wifi yangu na wenzetu wawili wa kazini, tukakodi Noah na kuondoka mjini alfajiri. Hadi Mtama ni lami, barabara ile ile ya Masasi. Eneo hilo ukishaacha lami, unakutana na vumbi na mchanga, kisha mlima wenyewe. Sisi tulikwenda wakati wa kipupwe, mvua zimeshakatika, na gari dogo lilipanda vizuri kwa sababu dereva alikuwa na subira. Masika usijaribu bila gari linalovuta kwa magurudumu yote manne.

Malipo ni ya aina mbili, na ni vizuri uyatenganishe tangu mwanzo. Kiingilio cha hifadhi ni cha serikali, kinalipwa kwa namba ya malipo na unapewa risiti. Hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Fedha ya mwongozaji na ya chakula mnapatana wenyewe. Namba ya malipo iombe ukiwa bado mjini, maana huko juu mtandao wa simu unakuja na kuondoka.

Sasa mwongozaji. Ni mzee wa makamo, mkulima wa korosho, na tangu utotoni amekuwa akiingia msituni. Tulipomwamkia, macho yake yalikuwa miguuni kwetu kabla hajamaliza kuitikia. Wifi yangu alikuwa amevaa suruali inayoishia chini ya goti. "Mwanangu, hiyo haifai," akamwambia kwa upole, akaingia ndani na kurudi na kitenge cha mkewe cha kujifunga. Sababu tuliiona baada ya muda mfupi. Pembezoni mwa njia, vichaka vilikuwa vimebeba upupu uliokauka, maganda yake ya kahawia yenye manyoya yakining'inia usawa wa mapaja. Upepo ukivuma, manyoya yale hupeperuka hata kama hujaligusa ganda. Kila tulipokaribia alitusimamisha, akatazama upepo unakovumia, akatuzungusha upande mwingine. Ningekuwa peke yangu ningepita katikati.

Njia inaanzia kwenye mitiki iliyopandwa. Miti imejipanga mistari, majani mapana yamekauka chini na kila hatua inapiga kelele, na ndege ni wachache. Ukishavuka ile mistari na kuingia msitu wa asili unahisi mabadiliko mwilini: hewa inapoa, mwanga unakuja kwa vipande, kamba za mibungo zimezunguka mashina na kupanda hadi juu. Hondohondo walipita juu yetu kwa kishindo cha mbawa, halafu kima wakaanza kutupigia kelele kutoka kwenye matawi. Sange alikatiza njia mbele yetu, pua yake ndefu ikipekua majani, na kwa sababu mzee alikuwa ameinua mkono sote tulisimama tukamwona vizuri hadi alipoingia kichakani.

Huyu mzee hatembei haraka. Mwenzetu mmoja aliyezoea kukimbia asubuhi alianza kulalamika kwamba kwa mwendo ule hatutafika popote. Baada ya saa moja alinyamaza, maana alikuwa ameshaona kwamba vitu vilivyotuleta vinaonekana tukiwa tumesimama. Kama unachotaka ni kuhesabu kilomita, tafuta mahali pengine, huyu hatakufaa.

Tulikaa muda mrefu kwenye kisiki kimoja cha mvule, na nadhani ndipo nilipoanza kuuelewa msitu ule. Enzi za mkoloni mivule ya Rondo ilivunwa sana kwa ajili ya mbao, na visiki vya namna ile ndivyo vilivyobaki kuonyesha ukubwa wa miti iliyokuwapo. Mzee alitupeleka hatua chache kutoka pale akatuonyesha mche mwembamba wa mvule, akauliza nani aliupanda. Tukasema labda watu wa misitu. Akasema ni popo. Popo wanaokula matunda ndio wanaobeba mbegu za mvule usiku na kuzidondosha mbali na mti mama, kwa hiyo ukiwafukuza popo umeipunguzia mivule wapandaji wake. Nilisoma biolojia shuleni na sikumbuki kuelezwa jambo kwa wazi namna ile.

Mchana tulifika ukingoni mwa uwanda, upande wa kusini. Ardhi inakatika ghafla na bonde la Lukuledi linafunguka chini yako, mashamba na mapaa ya bati yakimetameta, na ng'ambo yake umesimama uwanda wa Makonde. Mchanga wa juu unanywa mvua yote, mzee akatueleza, na maji yanakuja kutokea chini kwenye chemchemi za mteremkoni. Ndiyo sababu mtu wa juu anaweza kuishi katikati ya kijani na bado akashuka mlima kutafuta maji. Kwa hiyo beba maji yako yote kutoka chini, na usibebe kidogo.

Chakula kilikuwa ming'oko ya kuchemsha na mbaazi za nazi, na chai kwenye chupa. Ming'oko ilikuwa ya moto bado, imefungwa kwenye majani ya mgomba. Wenzetu wa kutoka Dodoma hawakuwa wamewahi kuionja, wakashangaa kwamba ni mizizi ya porini inayochimbwa na si kulimwa. Ningependa wangeongeza tunda lolote, papai au chungwa, kwa sababu mchana kwenye jua la ukingoni unatamani kitu chenye maji. Choo cha njiani hakuna, jipange.

Kilichoifanya siku hii iwe ya pekee kwangu ni komba. Msitu huu ndio umempa jina komba wa Rondo, mnyama ambaye wataalamu walimwekea jina la kisayansi mwaka 1997 na ambaye ni mdogo kuliko komba wote: ana uzito wa gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku. Anapatikana kwenye misitu michache tu ya pwani ya Tanzania, mingi ikiwa midogo na iliyotengana, na mwaka 2006 aliingizwa kwenye orodha ya nyani na jamii zao 25 walio hatarini zaidi duniani. Nimeishi Lindi miaka yote hii, nimeona picha za sokwe wa Gombe tangu niko darasa la tatu, na sikuwahi kuambiwa kwamba tuna huyu. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Komba ni wa usiku, kwa hiyo matembezi yanayoisha saa kumi jioni hayamhusu. Sisi tulibaki. Magharibi ilipoingia, mzee alitukalisha kwenye gogo, akatutaka tuzime simu. Baridi ilianza kupanda na siafu hawakuwapo, alhamdulillahi. Kwanza alilia komba mkubwa, kile kilio kinachofanana na cha mtoto ambacho wengi wetu tumekisikia vijijini. "Huyo siye," mzee akanong'ona. Akaja mwingine, mlio wa kupanda juu kwa hatua. Akatikisa kichwa tena. Kisha kutoka vichaka vya chini, karibu sana nasi, ukaja mlio mwororo wa kuviringika, mapigo mawili mawili, ukirudia na kurudia. Mzee akanishika bega.

Komba hawa wadogo wanafanana mno kwa sura, na hata watafiti wanawatenganisha kwa milio. Kwa hiyo unaponunua huduma hii unanunua sikio la mtu. Ukipewa kijana mwenye tochi kali tu, utaona macho mawili yaking'aa na hutajua umeona nani. Mzee alikuwa na tochi aliyoifunika kwa karatasi nyekundu ya plastiki ili isiwaumize. Alipoiwasha tuliona mkia uliosimama kama brashi ya chupa, kiwiliwili kidogo, kuruka mara moja, basi. Wifi yangu alikuwa ananikaba mkono kwa furaha.

Lalamiko langu kubwa ni moja. Bei tuliyopatana kwa simu, na kijana aliyetuunganisha, ilikuwa ya mchana. Habari kwamba saa za jioni zinalipiwa kando tuliipata tukiwa tumeshafika ukingoni. Fedha yenyewe haikuwa nyingi na mzee anastahili zaidi ya ile, lakini mgeni aliyebeba fedha ya kuhesabu angelazimika kuondoka kabla ya saa kumi na mbili na kukosa kile hasa alichofuata. Ukipiga simu, taja mwenyewe neno komba, uliza bei mpaka usiku, na umwambie dereva wako pia, maana wetu alikuwa amejipanga kushuka mlima kukiwa na mwanga na ilibidi tumuombe sana.

Watoto wadogo nisingewapeleka kwa siku nzima, kwa sababu ya upupu na ya kukaa kimya muda mrefu. Mzazi wako mwenye magoti yanayouma anaweza kwenda mpaka kwenye kisiki cha mvule, hapo ni tambarare, akapumzika na kurudi taratibu. Chukua sweta. Chukua na fedha taslimu ya kununua korosho kwa mke wa mzee, anazibangua mwenyewe na ni tamu kweli.