Uzoefu wangu na kozi ya maandalizi ya oski: nililipia maneno, nikasaidiwa na bandeji

Nianze na matokeo, maana najua ndiyo yanayotafutwa: oski, mtihani wa vitendo kwa wauguzi wa kigeni wanaotaka kusajiliwa Uingereza, nilifaulu mara ya pili. Mara ya kwanza niliangushwa na vituo viwili kati ya kumi vya mtihani, na kimoja kati ya hivyo ni kazi ambayo mikono yangu inaijua tangu nikiwa mwanafunzi, hata nikiamshwa usiku wa manane. Sehemu ya kwanza ya kozi hii niliilipia kabla ya mtihani huo. Kwa hiyo ningeandika wiki ile nilipopata majibu, mngesoma matusi matupu. Nimesubiri hasira zipoe.

Mimi ni muuguzi niliyesoma na kufanya kazi Afrika Mashariki miaka tisa, mingi katika wodi ya wanaume, kabla ya kuajiriwa Uingereza. Kozi yenyewe ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mwezi mmoja mtandaoni: video, maandishi ya kupakua, na vipindi vya Zoom jioni mara mbili kwa wiki. Ya pili ni siku mbili za mazoezi ana kwa ana, katika ukumbi uliopangwa kama wodi. Unaweza kulipia moja moja. Ukizichukua zote, bei inakaribia nusu ya ada ya mtihani wenyewe, na mtihani wenyewe wakati wangu ulikuwa pauni 794. Piga hesabu. Kampuni siitaji jina, kwa sababu mwalimu wao mmoja alinifaa sana na ofisi yao ilinichosha sana, na sioni haki kumtia huyu katika kapu la wale.

Kwa anayeanza safari: oski, yaani OSCE, ndiyo mlango wa mwisho. Kwanza Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, NMC, linakagua kama una sifa, ada pauni 140. Kuna mtihani wa Kiingereza: IELTS ya kitaaluma, alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Au OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, B katika hizo tatu na C+ katika kuandika. (Mimi IELTS ya kuandika ilinikataa, nikahamia OET, ambako barua unayoandika inamhusu mgonjwa. Hapo nilijua la kusema.) Kuna mtihani wa kompyuta, CBT, pauni 83, wenye maswali 15 ya hesabu na 100 ya uuguzi, huo unaweza kuufanya kabla hujapanda ndege. Oski ni lazima uje. Ukifaulu, unalipa pauni 153 za kusajiliwa. Jumla ni pauni 1,170, bila mtihani wa Kiingereza, bila viza, bila nauli. Ada hizo ni za wakati wangu, kwa hiyo hakikisha mpya kabla ya kutoa senti, na soma mkataba wako: waajiri wengi wa NHS, huduma ya afya ya taifa, hulipia oski ya kwanza. Ya kwanza, nasema.

Karatasi zilinichelewesha kuliko mitihani yote. Uthibitisho wa leseni unatumwa moja kwa moja kutoka baraza lililokusajili hadi NMC, huubebi mkononi, na wangu ulilala kwenye meza ya mtu miezi kadhaa. Halafu cheti cha chuo kilikuwa na jina la baba na babu, pasipoti ina jina la ndoa, na leseni ina herufi moja iliyokosewa ambayo kwa miaka tisa hakuna aliyeijali. Kama bado uko nyumbani, majina yako yasawazishe leo. Hilo halihitaji kozi.

Sasa kozi. Sehemu ya mtandaoni naipa nyota mbili, na ya pili ni ya huruma.

Shida yake ni kwamba inauza kukariri. Kwa kila kituo unapewa maneno ya kusema toka mwanzo hadi mwisho, kama shairi la shule ya msingi, na kwenye Zoom kila mtu anapokezana kulighani. Mwanzoni nilifurahi, kwa sababu mtu mwenye hofu anapenda kitu cha kushika. Lakini mgonjwa wa kituo cha tathmini ni mwigizaji, na mwigizaji hana habari na shairi lako. Nilipomuuliza yule wa kwangu kama anasikia maumivu, akasema ndiyo, tena kwa sura iliyokunjamana, nami nikamjibu "vizuri sana" na kuendelea na swali lililofuata kwenye karatasi iliyokuwa kichwani mwangu. Nilijisikia nikisema hivyo. Mpaka leo nikikumbuka natamani kujificha.

Jambo jingine la mtandaoni linaloniuma ni kwamba sehemu kubwa ya yale maandishi ya kupakua ilikuwa bure kwingine. Taasisi zinazoendesha mtihani zinatoa vifaa vya maandalizi bila malipo, pamoja na mfano wa mtihani na vigezo vya kusahihishia. Kozi ilivichukua, ikavipaka rangi, ikaweka nembo yake juu. Nilikuja kugundua baada ya kulipa, nilipomwona mwenzangu wodini akisoma karatasi ileile na hajatoa hata pauni. Kama una nidhamu ya kusoma peke yako, anzia huko na hii sehemu iruke.

Mtihani una vituo kumi. Vinne vinafuatana kwa mgonjwa mmoja: kutathmini hali yake, kuandika mpango wa uuguzi, kutekeleza, ambako kwa kawaida ni kugawa dawa, kisha kuangalia matokeo na kumkabidhi mgonjwa. Vinne ni vya ustadi wa mikono. Viwili ni vya kimya, unaandika tu: kimoja cha maadili ya kazi, kingine cha kutumia ushahidi wa utafiti. Mtihani una masharti ya siri, kwa hiyo sitasema nilipewa kisa gani wala ustadi gani. Nitasema tu nilivyoanguka.

Kwenye ustadi nilifanya kila kitu sawasawa, na nusu yake nilikifanya kimyakimya. Utambulisho wa mgonjwa niliuangalia kwa macho kwenye mkanda wa mkononi, nikaulinganisha na chati, nikaridhika, nikaendelea. Mtahini hakuniona nikiridhika. Yeye ana karatasi, na kwenye karatasi hakuna kisanduku cha "inaonekana anajua". Kama hujamwuliza mgonjwa jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa kwa sauti, na aleji, hujafanya.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu wengi wetu tunaangukia shimo hilohilo na tunadhani ni Kiingereza. Si Kiingereza. Wodi yangu ilikuwa na vitanda 32 na usiku tulikuwa wauguzi wawili. Mzee wa kitanda cha saba amelala pale wiki ya tatu, namjua yeye, mkewe na mwanawe anayeleta chai asubuhi. Nimwulize jina lake kila ninapomletea kidonge? Angedhani nimerukwa na akili, au namdharau. Na tarehe ya kuzaliwa wazee wengine hawana. Wana mwaka wa njaa fulani au mwaka wa mafuriko. Kwetu sauti ilikuwa ya kumtuliza mgonjwa, "pole baba, kidogo tu, tumemaliza". Kazi yenyewe ilikaa machoni na vidoleni. Huku usalama umejengwa juu ya dhana kwamba muuguzi wa leo hamjui mgonjwa huyu, na mara nyingi ni kweli, hamjui.

Kituo cha pili kilichoniangusha kilikuwa kile cha maadili. Niliandika kama mtu mwema wa kwetu: mwenzako akiteleza, unamvuta pembeni, unamwambia, unamsitiri. Jibu linalotakiwa linaanza na usalama wa mgonjwa, linapita kwa kiongozi wa zamu, linajazwa kwenye fomu ya tukio, na mgonjwa anaambiwa ukweli na kuombwa radhi. Yote hayo yamo katika kanuni za NMC za mwaka 2015, zilizofanyiwa marekebisho 2018. Kozi ilitutumia kanuni hizo siku ya kwanza, na hakuna aliyekaa nasi kuuliza: wewe, kwa moyo wako, ungefanya nini? Pale ndipo pesa yangu ingefanya kazi.

Majibu yalipokuja nilikuwa nimebanwa. Kwa viza niliyokuja nayo, oski ya kwanza hufanywa ndani ya miezi mitatu tangu kuanza kazi, na usajili ukamilike ndani ya miezi minane. Wakati huo wote unafanya kazi kama msaidizi wa wodi kwa mshahara wa chini, huku mikono inawasha kufanya kazi uliyosomea. Ukianguka vituo saba au pungufu unarudia hivyo tu, wakati wangu kwa pauni 397; ukianguka vinane au zaidi unalipa ada nzima na kuanza upya. Unasubiri angalau siku kumi. Majaribio ni matatu, kisha unakaa nje miezi sita. Hizo 397 zilitoka mfukoni mwangu.

Ndipo nikalipia zile siku mbili za ana kwa ana, kwa uchungu, kama mtu anayerudi dukani alikouziwa maziwa mabovu. Naomba radhi kwa hasira niliyoingia nayo mlangoni.

Mwalimu alikuwa mama mmoja muuguzi, mwenyewe alisomea ng'ambo na kupita njia hii zamani. Alinitazama nikimhudumia mwanasesere wa mazoezi dakika tano hivi bila kusema neno. Kisha akachukua bandeji, akanifunga mikono yote miwili kwa nyuma, akasema, "Haya, mhudumie sasa." Watu wakacheka. Mimi nilidhani ni mzaha. Alimaanisha. Nilitakiwa kumpeleka mgonjwa toka salamu mpaka kutupa sindano kwenye kisanduku chake, kwa mdomo tu, naye akifanya kile nilichotaja na si zaidi. Nisiposema nawa mikono, hakunawa. Nisipouliza aleji, alichoma dawa. Mara ya kwanza tulimuua mwanasesere mara tatu kabla ya kufika kwenye glavu.

Mazoezi yake mengine yalikuwa ya kawaida ila makali. Kuhesabu pumzi dakika nzima, si sekunde 15 mara nne. Kujaza chati ya NEWS2, ya kujumlisha alama za hali ya mgonjwa, na papo hapo kusema utafanya nini: jumla ikifika 5 unaita msaada haraka, 7 ni dharura. Kukosea kwenye maandishi, kukata kwa mstari mmoja na kutia saini, badala ya kufuta. Na maadili tulijadili kwa visa vya kweli vya wodini mwetu, kila mtu na aibu zake, mpaka nikaelewa kwa nini kumsitiri mwenzangu kunaweza kumwacha mgonjwa peke yake. Sehemu hii naipa nyota tano bila kusita, na ningelipa tena.

Ofisi yao inaishusha. Tarehe za mazoezi zilibadilishwa mara mbili, ya pili ikiwa imebaki siku tatu, nami nilishabadilishana zamu na mwenzangu. Barua pepe zinajibiwa na mtu tofauti kila mara, na kila mmoja anakuomba risiti upya. Kuomba kurudishiwa sehemu ya pesa ya mtandaoni niliambiwa haiwezekani kwa kuwa nilikuwa "nimefungua video". Pia siku ya pili tulikuwa 14 kwa vitanda vitatu. Wenye aibu walimaliza siku wakiwa watazamaji. Kama utakwenda, simama mbele.

Inamfaa nani? Aliyesajiliwa muda mrefu, mwenye mikono mizuri na mdomo mzito kama mimi. Ambaye hospitali yake ina mwalimu wa kuwaandaa wageni vizuri, na nyingi zinaye, haihitaji.

Nilirudia vituo vyangu viwili na PIN, namba yangu ya usajili, ikafika kwa barua pepe nikiwa kwenye basi. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka, herufi inayofuata ni mwezi, na mwisho kuna O, alama yetu tuliosomea ng'ambo. Wiki ile ile niligawa dawa kwa mara ya kwanza kama muuguzi kamili. Nilimwuliza bibi wa kitanda cha pembeni jina, tarehe ya kuzaliwa na aleji, nikanawa, nikasoma dawa, kipimo, njia na saa, vyote kwa sauti, nikasema nakagua tarehe ya mwisho ya matumizi, nikasema natia saini. Bibi akageuza kichwa taratibu kutazama nyuma ya pazia.

"Nesi," akaniuliza, "unaongea na nani?"