Mission: Impossible ya 1966: Utambi Ule Bado Unawaka

Karibuni tena, watazamaji wangu. Mezani leo nina seti ya diski za Mission: Impossible, na sisemi filamu za Tom Cruise mnazozijua nyote, bali chimbuko lake, yaani tamthilia ya kijasusi iliyorushwa na kituo cha CBS cha Marekani kuanzia Septemba 1966 hadi 1973, misimu 7, sehemu 171.

Kabla ya yote, sikilizeni ninavyogonga meza: ndefu, ndefu, fupi, fupi. Narudia: ndefu, ndefu, fupi, fupi. Nyimbo nyingi tulizozizoea huhesabiwa kwa mapigo manne, lakini Lalo Schifrin aliutunga muziki huu wa ufunguzi kwa mapigo matano, ndiyo maana ukijaribu kuufuata kwa mguu, mguu unakosa pa kukanyaga. Wanaojua alama za Morse, zile za kuandika herufi kwa milio mirefu na mifupi, watatambua zaidi: ndefu mbili ni herufi M, fupi mbili ni herufi I. Sasa tazameni skrini. Kiberiti kinawashwa, utambi unashika moto, na wakati unateketea zinapita, kufumba na kufumbua, picha za sehemu ile ile tunayokaribia kuitazama. Bruce Geller, muasisi wa tamthilia hii, anatuonyesha kisa kabla hakijaanza, na bado hatuambulii kitu! Nimeurudia ufunguzi huu tangu asubuhi na mwili unanisisimka vile vile.

Hata ndani ya kisa hatutafuniwi. Barney Collier, fundi wa mitambo aliyeigizwa na Greg Morris, anatoboa ukuta, anaunga nyaya, hasemi neno, nawe unabaki kukisia anachokusudia. Katika televisheni ya Marekani ya wakati ule, mtu mweusi kupewa nafasi ya mtaalamu ambaye mpango mzima unategemea akili yake lilikuwa jambo la nadra, na Morris aliishika nafasi hiyo misimu yote 7.

The Man from U.N.C.L.E., tamthilia nyingine ya kijasusi ya Marekani, iliitangulia mwaka 1964, nami naipenda, ila ilizidi kuegemea vichekesho, na vichekesho huchuja haraka kuliko hofu.

Zamani niliwashauri muuruke msimu wa 1, kwa kuwa Peter Graves, aliyeigiza kiongozi wa majasusi hawa kwa muda mrefu zaidi, anaingia msimu wa 2. Nimeutazama upya wiki hii na ninaifuta kauli yangu, kwani ukimya wa Steven Hill, kiongozi wao wa msimu huo wa kwanza, una uzito wake. Kinachonikera ni misimu ya 6 na 7, iliyowageukia wahalifu wa ndani ya Marekani na kupoteza ile hali ya kuwa ugenini penye hatari.

Bei ya seti nzima inauma. Mfuko usiporuhusu, chukueni msimu wa 2 na wa 3, ambamo mwigizaji Barbara Bain, mshindi wa tuzo 3 mfululizo za Emmy, zile za televisheni ya Marekani, bado yumo pamoja na mwigizaji mwenzake Martin Landau. Wiki ijayo tutaingia msimu wa 4, anapowasili mwigizaji Leonard Nimoy, kwa hiyo ambao hamjajiunga na chaneli, jiungeni leo. Sasa naongeza sauti. Hesabuni nami hadi tano.